Kuku wa uani mbele ya baraza la madiwani

Anayetaka kujua kama Dar es Salaam inafuga kuku hana haja ya kwenda halmashauri kuomba takwimu. Aamke alfajiri, Mbagala au Mbezi, asikilize majogoo. Maduka ya vyakula vya mifugo yamejipanga kando ya barabara, vifaranga wa siku moja wanasafirishwa kwenye maboksi yenye matundu nyuma ya pikipiki, na chanjo ya kideri inapatikana katika duka la dawa za mifugo karibu na soko lolote kubwa. Nairobi na Kampala mambo ni hayo hayo. Wakazi wa miji hii walishaamua kufuga zamani. Sheria za miji yao ndizo zinazosuasua.

Muulize mama mwenye matetea wanane nyuma ya nyumba kama anaruhusiwa kuwafuga. Atakujibu kwamba hajawahi kukatazwa. Jibu hilo halimtoshi. Siku atakapohamia jirani asiyependa kuku na kupeleka malalamiko kwa mtendaji wa mtaa, mama huyo hatakuwa na kifungu cha kushika. Atategemea huruma ya mtendaji, na huruma hiyo mara nyingine ina bei. Wakazi wa Nairobi waliowahi kukutana na kanjo, yaani askari wa jiji, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo, kuishawishi serikali ya mtaa, manispaa au kaunti iruhusu kuku wa uani ni kazi ya kuwatoa wafugaji waliopo tayari katika giza la kisheria. Wengi wanaoianza kazi hiyo huanza na sifa za kuku: mayai mapya, lishe ya watoto, kipato cha akina mama, mbolea ya bustani. Sifa hizo ni za kweli, na diwani anazijua, kwani huenda hata yeye anafuga. Kinachomtia wasiwasi ni mpiga kura wa nyumba ya pili ambaye hafugi. Ukitazama miji iliyofanikiwa kubadili kanuni zake, utaona kwamba ushindi ulipatikana pale wafugaji walipopeleka kanuni ambayo jirani huyo anaweza kuishi nayo, na ambayo ofisa wa kata anaweza kuisimamia bila gari wala maabara.

Sheria zilikotoka

Miji ya Afrika Mashariki ilirithi sheria zilizoandikwa kwa hofu ya maradhi. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mamlaka ya afya ilichoma moto soko la Wahindi. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921. Ya Uganda ni ya 1935. Sheria za aina hii zinampa bwana afya mamlaka mapana juu ya kinachoitwa kero, na mnyama anayefugwa kwa namna inayohatarisha afya ameingizwa humo. Mpango wa mji nao uligawa watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kilimo na mifugo vilihesabiwa kuwa mambo ya shamba. Mwafrika aliyekuja mjini alitarajiwa kuwa kibarua anayekula kwa ujira wake.

Ujira ulipoacha kutosha, mpango huo ulivunjika. Mwaka 1974, baada ya ukame na uhaba wa chakula, serikali ya Tanzania yenyewe ilianzisha Kilimo cha Kufa na Kupona na kuwahimiza hata wa mjini washike jembe. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mwezi haukuwa ukifika mwisho wa mwezi. Makarani, walimu, hata wahadhiri wa chuo kikuu walijenga mabanda ya kuku na kuyaita miradi. Mtafiti Aili Mari Tripp ameandika juu ya kipindi hicho katika kitabu chake cha 1997, Changing the Rules, akionyesha jinsi watu wa kawaida wa Dar es Salaam walivyoendelea kuzipita kanuni hadi kanuni zenyewe zikalegea. Kampala ilipitia njia hiyo hiyo uchumi wake ulipoporomoka enzi za Idi Amin.

Takwimu za wakati huo zinalithibitisha hilo. Utafiti wa Mazingira Institute katika miji sita ya Kenya, katikati ya miaka ya 1980, ulikuta asilimia 29 ya kaya zikilima ndani ya mji zinamoishi na asilimia 17 zikifuga mifugo ndani ya mji. Miaka ya 1990 Daniel Maxwell na wenzake waliowachunguza watoto wa Kampala waligundua kwamba waliotoka katika kaya zinazolima mjini walikua vizuri zaidi kuliko wenzao wa kaya zisizolima.

Tanzania ilijibu kwa Kanuni za Kilimo Mijini za mwaka 1992, zilizotambua shughuli hiyo na kuweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu mmoja. Ng'ombe nao walipangiwa idadi: katika Dar es Salaam ya wakati huo wa kufugiwa ndani hawakutakiwa kuzidi wanne. Ng'ombe ni mkubwa, huonekana, hukanyaga bustani za watu, na ndiye aliyekuwa akiwaumiza kichwa maofisa. Kuku alibaki katikati. Alikuwa mdogo mno kwa mwandishi wa kanuni, na mwenye kelele za kutosha kumkera jirani.

Hasara ya utata huu huonekana ukitazama mabanda yanavyojengwa. Mfugaji asiye na uhakika wa ruhusa huficha banda lake. Hulisogeza hadi pembe ya mwisho ya kiwanja, ukutani kwa jirani, mahali pasipo na jua wala hewa, na hivyo kulifanya banda linuke kuliko ambavyo lingenuka mahali pengine. Hatumii fedha kwenye sakafu nzuri wala wavu imara, maana kesho anaweza kuambiwa abomoe. Kuku wakifa ghafla watano kwa siku moja, hamwiti afisa mifugo. Huwafukia usiku au huwauza wanaobaki. Katazo lisilotekelezwa huzaa uchafu na magonjwa yale yale lililotungwa kuyazuia. Katika hoja zote za mfugaji hii ndiyo nzito kuliko nyingine, na ni nadra kuisikia kwenye mikutano.

Malalamiko, moja baada ya jingine

La kwanza ni jogoo. Madiwani wengi wamekulia vijijini, ambako jogoo na matetea hutembea pamoja, na wanachukulia kwamba bila jogoo hakuna mayai. Ukweli ni kwamba tetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa ajili ya vifaranga tu. Mayai ya biashara yanayouzwa kwa trei hutagwa na kuku ambao hawajawahi kumwona jogoo. Kifungu kimoja cha kuzuia jogoo katika maeneo ya msongamano huondoa sehemu kubwa ya malalamiko kwa mkupuo.

Hata hivyo kifungu hicho kina gharama, na haifai kuificha. Anayefuga kuku wa kienyeji hutegemea kundi lijizalishe lenyewe, na jogoo wa sikukuu ya Idi au Krismasi ndiye anayelipa ada ya shule Januari. Ukimnyima jogoo, unamlazimisha kununua vifaranga kila mara. Suluhisho la kati linawezekana: jogoo mzima aruhusiwe kwenye viwanja vikubwa vya pembezoni, na kwenye mitaa iliyobanana vijogoo wauzwe kabla ya kuanza kuwika sawasawa, yaani wakiwa na miezi minne hivi.

La pili ni harufu, na hapa inafaa kuingia bandani. Chukua kuku kumi chini ya bati, juu ya matandazo ya maranda au pumba za mpunga. Kwa siku wanatoa zaidi ya kilo moja ya kinyesi. Kinyesi kikiwa kikavu kwenye matandazo makavu hakisumbui mtu. Kikilowana hutoa hewa ya amonia, ile inayochoma macho na kupenya ukuta wa jirani. Kipimo hakihitaji kifaa. Inama, chota matandazo kiganjani, bana. Yakimomonyoka na kupukutika, banda liko salama. Yakishikamana kama tonge la ugali, jirani ana haki ya kulalamika. Na chanzo cha unyevu mara nyingi ni kimoja: chombo cha maji kilichowekwa chini, ambacho kuku hukipindua au kukichezea. Ukikiinua kwa matofali hadi usawa wa mgongo wa kuku, ukaziba tundu la bati, ukageuza matandazo kwa reki kila wiki na kuongeza maranda makavu, tatizo linakwisha kwa gharama ndogo kuliko faini. Kinachobaki ni mbolea, na wakulima wa mchicha wa mabondeni huifuata wenyewe. Kanuni inachotakiwa kusema ni kwamba ikae kwenye gunia lililofungwa, ikiwa kavu.

La tatu, panya, lina jibu fupi. Panya huja kwa ajili ya chakula kilichoachwa usiku. Chakula kikihifadhiwa kwenye pipa lenye mfuniko, vihori vikatolewa jua likizama, na banda likainuliwa ili chini pafagiliwe, panya hawana cha kufuata. Nyoka, ambao huwafuata panya na mayai, hupungua pia.

La nne ni ugonjwa, na mfugaji anayelipuuza hastahili kusikilizwa. Kuku hubeba salmonela. Mwaka 2020 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kiliorodhesha watu 1,722 walioambukizwa kutokana na kuku na ndege wengine wa kufugwa nyumbani. Mafua ya ndege nayo hayako mbali na sisi: Januari 2017 Uganda ilithibitisha virusi hivyo kwenye ndege pori wa ufukwe wa Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na Kenya ikazuia kuku kutoka nchi hiyo. Tanzania ilishazuia uingizaji wa vifaranga tangu 2006 kwa hofu hiyo hiyo, na Oktoba 2017 ikateketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga.

Anayepinga atasema: kama ni hivyo, tupige marufuku. Lakini virusi havisomi vibali. Jambo linaloweza kubadilishwa na halmashauri ni kama afisa mifugo anajua kuku wako wapi. Uingereza ililiona hilo. Tangu 1 Oktoba 2024 kila anayefuga kuku huko England, hata kama ni mmoja, anatakiwa kujisajili. Shabaha ya daftari hilo ni kwamba mlipuko ukitokea, mamlaka ijue pa kuanzia. Mji uliowaficha kuku wake chini ya katazo hauna daftari, na wala si mji usio na kuku.

Upo pia upande wa chanjo, ambao wafugaji wanaufahamu vizuri. Kideri ndicho kinachofagia mabanda yetu, na chanjo yake hutolewa kwa tone la jicho au kwenye maji, kisha kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja ina dozi mia moja au zaidi, na ikishachanganywa haihifadhiki. Mwenye kuku wanane anunue chupa nzima amwage iliyobaki? Wengi huona heri waache. Kama wafugaji wa mtaa wanajulikana na wana orodha kwa mtendaji, hukubaliana siku moja, wakachangia chupa, na mtu mmoja akapita nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo haiwezekani pale ambapo kila mmoja anajificha.

La tano halisemwi wazi: hadhi. Kuna wanaoamini kwamba kuku wakionekana, thamani ya nyumba zao inashuka. Hoja hii haishindwi kwa takwimu, ila hupungua makali pale banda linapokuwa safi na lisiloonekana kutoka barabarani.

Miji ya ng'ambo iliandika nini

Marekani, ambako mitaa mingi ya makazi ilikuwa imewafukuza kuku kabisa, wimbi la kuwarudisha lilianza miaka ya 2000. Madison, Wisconsin, iliruhusu mwaka 2004: kuku wasiozidi wanne, jogoo marufuku, kuchinja nyumbani marufuku, banda liwe futi 25 kutoka nyumba ya jirani. Kabla ya hapo wapo waliokuwa wakifuga kwa siri. Chicago ilikwenda kinyume: mwaka 2007 lilipelekwa pendekezo la kupiga marufuku, likashindwa. Mwaka 2010 Vancouver, Kanada, iliruhusu kuku wanne na kutaka wamiliki wajisajili bila malipo. Mwaka huo huo Seattle ikapandisha idadi kutoka watatu hadi wanane huku ikizuia majogoo wapya. Denver ilifuata 2011 kwa ndege wanane na mbuzi wadogo wawili. New York imekuwa ikiruhusu matetea na kukataa majogoo.

Ukiziweka kanuni hizi pamoja, mifupa yake ni ile ile: idadi, jogoo, umbali, usafi, usajili. Kila mfupa umewekwa kwa ajili ya lalamiko fulani la jirani. Hakuna kifungu kinachosifu mayai.

Vipimo vyake, hata hivyo, havitufai. Kuku wa Madison ni burudani ya nyumba yenye bustani. Wa Manzese, Dar es Salaam, mwisho wake ni sufuria, na kanuni ya kukataza kuchinja nyumbani itachekwa na wananchi kabla diwani hajamaliza kuisoma. Futi 25 ni kama mita saba na nusu, na katika mitaa yetu mingi nyumba zinaachana kwa upana wa mtu kupita. Atakayenakili kanuni ya Marekani kama ilivyo atakuwa ameandika katazo jingine lenye sura ya ruhusa. Kwetu kipimo cha maana zaidi ni umbali kutoka dirishani na kutoka kisima au bomba, pamoja na sharti la banda kutoegemea ukuta wa jirani.

Kampala na Nairobi

Mifano ya karibu ina mafunzo zaidi. Kampala iliunda mwaka 2004 kamati ya kuratibu chakula, kilimo na mifugo ya mji iliyojulikana kama KUFSALCC, ikawakusanya maofisa wa jiji, watafiti wa Makerere, wizara na mashirika ya kiraia. Badala ya wafugaji kuja na hoja zao na maofisa kuja na hofu zao, pande zote zilishiriki kuchunguza hatari zenyewe za kiafya na kuzijadili hadharani. Kufikia 2006 jiji lilikuwa na sheria ndogo mpya, mojawapo ikihusu mifugo na wanyama wa nyumbani. Ofisa aliyeshiriki kutafuta ushahidi hawezi kuukataa mkutanoni.

Udhaifu wa Kampala ulikuwa kwenye vibali. Mfugaji wa kuku wachache aliwekwa kwenye mlango mmoja na mwenye biashara: aombe, alipie, akaguliwe. Mwenye mtaji aliweza. Asiye nacho aliendelea kama zamani, nje ya sheria. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Ada ikipita thamani ya kuku, kanuni imemfungia nje yule yule iliyodai kumsaidia.

Nairobi ilipata msukumo kutoka juu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatambua haki ya kila mtu kuwa na chakula cha kutosha, na Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la kilimo na ufugaji. Lakini msingi ulikuwa umeshajengwa chini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 jukwaa la NEFSALF, lililoitishwa na Mazingira Institute, liliwaweka wakulima wa mjini na maofisa wa serikali katika chumba kimoja na kuendesha mafunzo ya ufugaji. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 2015, kaunti ikapitisha sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Jina lake tu linaonyesha mabadiliko: kukuza kumetangulia kudhibiti. Na funzo lake kwa mwanaharakati ni la subira. Kundi la wafugaji waliofunzwa, wenye mabanda yanayoweza kutembelewa, lina uzito ambao maandamano ya siku moja hayana.

Njia ya kupita

Tanzania ina njia inayofahamika. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya 1982, inazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, wananchi wakipewa nafasi ya kutoa maoni, kisha waziri huidhinisha. Kwa hiyo suala huanzia mkutano wa mtaa, hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, hupita kamati za kudumu na kufika barazani. Kenya, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, na Katiba inalitaka bunge hilo lishirikishe umma.

Mahali ambapo wengi hukosea ni mpangilio. Wanamwendea diwani kwanza, anawaahidi, na siku ya kikao anamgeukia bwana afya: wewe kama mtaalamu unasemaje? Bwana afya ambaye hakushirikishwa atasema hapana, maana hapana haimgharimu kitu. Kwa hiyo aanze yeye, pamoja na afisa mifugo wa kata. Wapelekwe kwenye banda zuri, wabane matandazo kwa mikono yao, waulize maswali magumu pale pale. Wasiwasi wao mkubwa huwa ni mzigo wa kazi: nani atakagua mabanda elfu moja? Jibu ni kwamba hakuna haja ya kukagua elfu moja. Ukaguzi ufanyike palipo na malalamiko, mfugaji apewe siku 14 kurekebisha, na asiporekebisha ndipo adhabu ifuate.

Diwani afuatwe baadaye, na mkononi pawe na mambo matatu: barua ya wataalamu hao wawili, rasimu ya ukurasa mmoja, na sahihi za majirani wasiofuga. Sahihi mia mbili za wafugaji humwambia diwani kwamba wafugaji wanapenda kuku, jambo alilolijua. Sahihi arobaini za wasiofuga zinamwambia kwamba hatapoteza kura.

Rasimu yenyewe iwe na ngazi. Matetea wasiozidi kumi: hakuna kibali wala ada, jina liandikwe tu kwenye daftari la mtendaji wa mtaa. Kuanzia kumi na moja hadi hamsini: banda likaguliwe mara moja kabla ya kuanza, kwa ada ndogo. Zaidi ya hapo ni biashara, na ifuate taratibu za biashara na za mipango miji. Kuku wasizurure nje ya kiwanja. Matandazo yawe makavu, chakula kiwe kwenye chombo chenye mfuniko, chanjo ya kideri iwe na tarehe inayoonyeshwa, na vifo vya ghafla viripotiwe bila mfugaji kuadhibiwa kwa kuripoti. Kifungu hiki cha mwisho kisisahaulike. Bila hicho daftari ni karatasi tupu.

Pale ambapo jibu liwe hapana

Utetezi wa kweli unakubali mipaka. Nyumba ya vyumba vya kupanga yenye familia sita, choo kimoja na uwanja wa kufulia wa pamoja si mahali pa mpangaji mmoja kuweka banda bila ridhaa ya wenzake na ya mwenye nyumba. Mabonde yanayofurika, kama Jangwani katika Bonde la Msimbazi, mvua ikija hubeba matandazo na kinyesi hadi milangoni kwa watu. Na kuku wa nyama mia tatu uani ni kiwanda kilichojificha nyuma ya neno uani. Mwenye nao asitumie jina la mama wa matetea wanane kama ngao.

Pia wafugaji waache kuahidi utajiri. Chukua kuku sita wa mayai. Kila mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku, jumla gramu 720, na mfuko wa kilo 50 hudumu siku kama 69. Wakitaga kwa asilimia 80, katika muda huo watatoa mayai 330, yaani trei 11. Linganisha bei ya mfuko na bei ya trei 11 mtaani kwako, toa banda, chanjo na wiki 18 hadi 20 ulizowalisha kabla ya yai la kwanza. Faida ipo, ila ni ya kikombe cha chai: watoto wanakula yai bila mama kufungua pochi, na trei mbili tatu zinauzwa kwa jirani. Kuku wa kienyeji, anayetaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, ana hesabu nyingine kabisa. Yeye ni akiba inayotembea, ya kuuzwa mtoto akiugua. Diwani akielezwa hivi anaamini. Akiambiwa kuku sita watafuta umaskini wa kata, anaanza kutilia shaka na mengine yote.

Kanuni njema ya kuku wa uani haitapimwa kwa wingi wa mabanda yatakayosajiliwa mwaka wa kwanza. Ipimwe kwa lalamiko la kwanza. Jirani asiyependa kuku akienda kwa mtendaji, akaonyesha kifungu, banda likakaguliwa, chombo cha maji kikainuliwa, na ndani ya siku 14 mambo yakaisha bila mtu kutoa kitu kidogo, baraza litakuwa limefanya kazi yake, na kikao kijacho hakuna atakayethubutu kuleta hoja ya kuwafukuza kuku mjini.